Pawasoo mpya ya kukatia kuni: kutoka dukani hadi tangi la tatu

Msumeno wa cheni, au pawasoo kama wengi tunavyouita, ukitunzwa hufanya kazi miaka mingi. Ukiharibika ungali mpya, mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya vitatu: petroli haikuchanganywa na oili sawasawa, kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ilirekebishwa mahali penye hewa tofauti, au cheni ilizunguka bila oili. Yote matatu hutokea katika saa chache za mwanzo. Hapa Mombasa joto na chumvi ya bahari huyaongezea kasi, kwa hiyo mwenye mashine mpya hana budi kuwa macho tangu siku ya kwanza.

Dukani

Kuni nyingi za Pwani, ziwe za mpishi wa biriani ya harusi, za hoteli au za jiko la shule, hutoka kwenye mvinje, mwarobaini na matawi ya mkorosho na mwembe. Unene wake kwa kawaida hauzidi sentimita 30. Kwa kazi hiyo injini ya cc 40 hadi 50 yenye baa (bapa refu la chuma linalozungukwa na cheni) ya inchi 16 au 18 inatosha. Kwa shina zima la mkwaju au la mwembe mzee tafuta cc 60 hadi 70 na baa ya inchi 20. Mashine kama Stihl 070, ambayo injini yake inapita cc 100, ni ya kupasulia mbao. Ukiishika kutwa kwa kukatia kuni utaumiza mgongo na kuchoma petroli bure.

Kabla ya kulipa, jaribu breki ya cheni. Sukuma mbele ule mkono wa plastiki ulio mbele ya kishikio. Usikie mlio wa kufunga, na cheni ikatae kuzunguka ukiivuta kwa mkono wenye glavu. Kisha urudishe nyuma. Mashine isiyo na breki ya cheni inayofanya kazi usiinunue, hata kwa bei ya kutupa.

Angalia pia maandishi yaliyochongwa kwenye baa. Kuna mambo matatu ya kunakili: saizi ya hatua ya cheni, yaani umbali kati ya viungo vyake kwa inchi (mfano 3/8 LP, ambayo ni ya meno mafupi, au .325), upana wa mfereji wa baa (mfano milimita 1.3 au 1.5), na idadi ya meno ya chini yanayoingia kwenye mfereji (baa ya inchi 16 yenye cheni ya 3/8 LP mara nyingi huwa na 56). Yaandike kwenye simu. Siku cheni ikikatika, hayo ndiyo muuzaji atakayokuuliza, na jibu la "ni ile ya inchi 16" halitoshi.

Usitoke dukani bila vitu hivi: cheni ya akiba, tupa ya mviringo ya saizi inayofaa, oili ya tuu-stroki, oili ya cheni, plagi ya akiba, glavu, kofia yenye wavu wa uso na vizibo vya masikio, na suruali ya pawasoo. Suruali hiyo ndani ina nyuzi ndefu ambazo cheni ikigusa huzivuta, zikajizungusha kwenye sproketi (gurudumu la meno linaloendesha cheni) na kuisimamisha. Suruali ya jinzi haifanyi hivyo. Kikoi, kanzu na shati lisilofungwa vifungo viache nyumbani, na miguuni vaa buti zenye chuma kwenye vidole.

Ikiwa mashine imetoka Nairobi

Hili tunalisisitiza kwa sababu watu wengi wa Pwani huagiza mashine bara na kuletewa kwa basi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo fundi wa huko akiirekebisha kabureta hupunguza petroli ili ilingane na hewa hiyo. Ukiishusha mashine ile ile Likoni au Mtwapa, inavuta hewa nzito zaidi wakati petroli ni ile iliyopunguzwa. Na kwa kuwa oili ya kulainisha injini imo ndani ya petroli, petroli ikipungua na ulainisho umepungua. Pistoni inapata joto kupita kiasi, inakwaruza silinda, na injini inakwama.

Mashine iliyo ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa kwa kawaida haina tatizo hili, wala zile zenye kabureta inayojirekebisha yenyewe, kama M-Tronic ya Stihl na AutoTune ya Husqvarna. Hatari iko kwenye mashine iliyotumika au iliyowashwa na kuchezewa skurubu kule juu. Muulize muuzaji waziwazi kama iliwahi kurekebishwa. Kama ndiyo, ipeleke kwa fundi wa hapa mwenye kipimo cha mizunguko kabla hujakata hata kipande kimoja.

Petroli na oili

Injini ya tuu-stroki haina oili yake pembeni kama ya bodaboda. Oili yote inapita na petroli. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha mashine, na hicho ndicho cha kufuata:

50 kwa 1: mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwa kidumu cha lita 5.
40 kwa 1: mililita 25 kwa lita, 125 kwa lita 5.
25 kwa 1: mililita 40 kwa lita, 200 kwa lita 5.

Usipime kwa kifuniko cha chupa wala kwa macho. Nunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa. Kwa mashine ya 50 kwa 1, bomba moja lililojaa ni lita moja ya petroli, na hapo hesabu imekwisha. Tia petroli nusu kwenye kidumu, mimina oili yote, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha ongeza petroli iliyobaki na utikise tena. Tikisa kila unapotaka kujaza tangi. Changanya ya wiki mbili au tatu tu, kwa maana katika joto letu petroli hupoteza nguvu upesi, na kidumu kikae kivulini.

Oili yenyewe iwe ya injini inayopozwa kwa hewa. Kopo liwe na alama ya JASO FB, FC au FD. Hapa kuna mtego wa Pwani: maduka ya karibu na bandari za wavuvi yana oili nyingi ya injini za boti, yenye alama ya TC-W3. Nayo ni ya tuu-stroki kweli, ila imetengenezewa injini inayopozwa kwa maji, ambayo haifikii joto la pawasoo. Mwachie mvuvi.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba mashine mpya iongezewe oili mara mbili ili izoee. Ukizidisha oili, nafasi ya petroli ndani ya mchanganyiko imepungua, na pistoni na sailensa vinajaa masizi. Ongeza tu pale kitabu chenyewe kinaposema hivyo kwa saa za mwanzo. Baadhi ya mashine za Kichina zinaagiza 25 kwa 1 mwanzoni, kisha 40 kwa 1.

Tangi la pili la mashine ni la oili ya cheni. Nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa sababu ina unato unaoifanya isirushwe cheni inapozunguka kwenye ncha ya baa. Ukiikosa, oili safi ya injini ya SAE 30 au 40 itakusukuma siku chache. Ile nyeusi iliyotolewa kwenye matatu usiitie kabisa. Ina chembe za chuma zinazokwangua pampu na baa, na inakurukia mikononi na usoni ikiwa na sumu zake. Mafuta ya kupikia hulainisha, lakini yakilala wiki kadhaa yanakuwa kama gundi.

Kufunga cheni

Cheni mpya ilaze usiku kucha ndani ya bakuli la oili ya cheni, ipenye kwenye viungo. Asubuhi ining'inize ichuruzike.

Rudisha breki nyuma kwanza. Kwenye mashine ambazo breki iko ndani ya kifuniko, usipofanya hivyo kifuniko kitagoma kurudi. Fungua nati mbili, toa kifuniko, weka baa, zungushia cheni kuanzia kwenye sproketi. Meno ya upande wa juu wa baa yaelekee kwenye ncha, mbali nawe. Ukigeuza, mashine italia na kutoa moshi lakini mti hautakatika. Hakikisha kipini cha kukazia kimeingia kwenye tundu la baa, rudisha kifuniko, kaza nati kwa vidole tu.

Sasa inua ncha ya baa kwa mkono mmoja na uishikilie juu, huku unazungusha skurubu ya kukazia kwa bisibisi. Cheni iguse baa chini bila kuning'inia, na bado uweze kuivuta kwa mkono ikazunguka bila kukwama. Ukiivuta juu katikati ya baa, meno ya chini yasitoke kabisa kwenye mfereji. Kaza nati kwa spana ncha ikiwa bado umeinua. Ukiishusha kabla ya kukaza, cheni italegea dakika ya kwanza.

Kuwasha

1. Jaza matangi yote mawili. Futa mchanga kwenye vifuniko kabla ya kuvifungua.
2. Sogea angalau mita tatu kutoka ulipojazia.
3. Weka mashine chini mahali tambarare, breki ya cheni imefungwa, cheni haigusi kitu.
4. Mguu wa kulia ukanyage ndani ya kishikio cha nyuma, mkono wa kushoto ukandamize kishikio cha mbele.
5. Funga choki (kizibo cha hewa cha kuwashia), vuta kamba. Ikitoa mlio mfupi na kuzima, fungua choki nusu na uvute tena.
6. Ikiwaka, gusa kifyatulio cha mafuta mara moja ili itulie, kisha ndipo ufungue breki.

Katika joto la Mombasa mashine iliyotoka kuzimwa haihitaji choki. Ukiifunga, plagi italowa petroli na utavuta kamba mpaka mkono ufe ganzi. Ikilowa, toa plagi, ikaushe, vuta kamba mara tano bila plagi, rudisha.

Kuwasha kwa kuirusha chini mkono mmoja ukiwa umeshika kamba ni desturi ya wengi. Ndiyo pia njia nyepesi ya cheni kufika pajani.

Kabla ya kata ya kwanza, jaribu oili ya cheni. Elekeza ncha ya baa kwenye kipande cha katoni kikavu, umbali wa sentimita 20, ubonyeze kifyatulio cha mafuta kwa sekunde kumi. Mstari mwembamba wa oili utajichora kwenye katoni. Usipouona, zima. Ama tangi ni tupu, ama tundu la oili kwenye baa limeziba.

Matangi matatu ya mwanzo ya petroli

Iache inguruma dakika moja au mbili ipate joto. Kisha anza na magogo ya wastani, unene wa sentimita 15 hadi 25. Ndani ya mti, bonyeza mafuta yote. Nje ya mti, achia mara moja. Hilo ndilo la msingi katika kuizoesha mashine. Injini ikizungushwa kwa kasi yote bila mzigo, pete za pistoni ambazo bado hazijakaa zinasagika na joto linapanda bila sababu. Upande wa pili, wanaoihurumia mashine mpya kwa kukata na mafuta nusu wanaichoma klachi, kwa maana mizunguko haitoshi kuishika sawasawa, ikawa inateleza na kupata moto. Utaisikia harufu yake kabla hujaona chochote.

Usiizime ghafla kutoka kwenye kazi kubwa. Iache inguruma nusu dakika ipoe, ndipo ufunge swichi. Ikae dakika kumi kabla ya kujaza tangi. Sailensa yenye moto na mvuke wa petroli havikai pamoja.

Cheni mpya hurefuka. Ikague baada ya kata tano za mwanzo, tena baada ya dakika kumi, kisha kila tangi. Ukikuta imening'inia, zima, subiri ipoe, ndipo ukaze. Ukikaza ikiwa ya moto na kuiacha hivyo, ikipoa inasinyaa, inaibana baa na kuvuta shafti ya injini. Kwa sababu hiyo hiyo ilegeze kidogo ukimaliza kazi ya siku.

Baada ya tangi la kwanza, mashine ikiwa imepoa, pitia nati na skurubu zote kwa spana: za baa, za sailensa, za vishikio. Mtetemo wa mwanzo huzilegeza. Skurubu ya sailensa ndiyo inayosahauliwa na ndiyo inayoanguka.

Baada ya tangi la tatu toa plagi uitazame. Ncha yenye rangi ya chai ya maziwa ni salama. Nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi, oili nyingi, au chujio la hewa lililoziba. Nyeupe ni petroli haba, na hapo usiendelee kukata. Sikiliza pia mlio. Mashine yenye petroli ya kutosha, ukiijaribu sekunde mbili bila mzigo, ina mkwaruzo kidogo juu kabisa, na mkwaruzo huo unapotea ikiingia kwenye mti. Yenye petroli haba inalia kwa sauti nyembamba kama nyigu, na ukiachia kifyatulio inachelewa kutulia. Skurubu ya kabureta yenye herufi H ikigeuzwa kinyume cha saa huongeza petroli, lakini igeuze robo tu, na kama huna uzoefu mwite fundi. Nafasi kati ya ncha za plagi ni milimita 0.5.

Miti yetu na cheni yako

Mvinje ukate ukiwa mbichi na uupasue siku hiyo hiyo kwa shoka. Ukikauka unakuwa mgumu na cheni inakula shida. Mwembe na mkorosho ni laini, lakini utomvu wake huwasha ngozi, basi glavu na mikono mirefu. Mnazi una nyuzi zenye chembe ngumu zinazofanya meno ya cheni kuwa butu kwa kata chache, na moto wake si wa maana. Ukate pale tu ulipoanguka njiani. Mwembe wa uani ukague kwa misumari na waya za kuanikia nguo.

Adui mkubwa kuliko mti ni ardhi. Udongo wetu umejaa mawe ya matumbawe, na ncha ya baa ikigusa jiwe nusu sekunde, meno yote yamekwisha makali. Weka gogo juu ya magogo mengine mawili, au tengeneza farasi wa mbao wa kuliinua. Gogo lililoegemea ncha zote mbili likate juu kwanza theluthi moja, kisha malizia kutoka chini. Lililoegemea upande mmoja na jingine liko hewani, anza chini theluthi, malizia juu. Ukikosea mpangilio huo gogo linaibana baa.

Robo ya juu ya ncha ya baa isiguse mti. Ikigusa, mashine inapiga teke, baa inaruka kuelekea usoni kwa kasi isiyokupa nafasi ya kufikiri. Simama pembeni kidogo ya mstari wa baa, dole gumba la kushoto lizunguke kishikio, na usikate kitu kilicho juu ya mabega. Kwa jiko la mafiga au la sufuria kubwa, vipande vya sentimita 40 hadi 50 vinafaa. Kata Disemba upepo wa kaskazi unapoanza, panga kuni kwa mafungu yanayopitisha hewa, na kabla ya masika zitakuwa zimekauka.

Mikoko na misitu ya kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) usiiguse. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakataza kuingia na msumeno wa cheni kwenye msitu wa umma bila kibali. Hata kwa miti ya shambani kwako, pita kwa chifu na ofisi ya KFS (Shirika la Huduma za Misitu Kenya) kabla ya kukata na kusafirisha, kwa sababu gari la kuni lisilo na karatasi husimamishwa njiani.

Kunoa

Tazama kinachotoka. Cheni kali inatoa vipande kama nazi iliyokunwa. Ikianza kutoa unga wa kama ngano ya mahamri, au ukijikuta unaikandamiza mashine, ni butu. Usingoje mpaka moshi utoke kwenye mti.

Tupa ya milimita 4.0 ni ya cheni ya 3/8 LP, 4.8 ni ya .325, na 5.2 au 5.5 ni ya 3/8 kubwa. Funga breki, shika tupa ikiwa imelala tambarare, kwa pembe ya digrii 30 kutoka mstari unaoikata baa mraba, sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, mara mbili au tatu, bila kuirudisha ikiwa inagusa. Maliza meno ya upande mmoja, kisha geukia mwingine, idadi ya misukumo iwe ile ile. Upande mmoja ukizidi, baa itakata kwa kupinda, na wengi huilaumu baa. Baada ya kunoa mara tatu au nne, kipime kile kinundu kilicho mbele ya kila jino: kiwe chini ya makali kwa milimita 0.65. Kikiwa juu, jino halifiki kwenye mti. Ukikishusha kupita hapo, cheni inauma kwa kurukaruka, na kwenye mkwaju inapiga teke.

Jioni

Toa chujio la hewa, likung'ute, lioshe kwa maji ya sabuni kama limejaa vumbi, likauke kabisa kabla ya kurudi. Toa baa, kwangua mfereji kwa waya mwembamba, zibua tundu la oili, kisha uirudishe ikiwa imepinduliwa juu chini ili ilike sawa pande zote mbili. Kingo zikiwa na makali ya pembeni, ziparuze kwa tupa bapa.

Karibu na bahari cheni iliyofutwa kavu inashika kutu ndani ya siku chache. Ipake oili, ivalishe ala yake, na mashine ikae kwenye rafu ndani ya nyumba, mbali na sakafu ya saruji na dirisha la upande wa bahari. Kama haitatumika zaidi ya mwezi, masika yote kwa mfano, mwaga petroli, iwashe mpaka izime yenyewe ili kabureta ibaki tupu, toa plagi, tia kijiko kidogo cha oili ya tuu-stroki kwenye tundu lake, vuta kamba polepole mara mbili, rudisha plagi. Siku ya kuirudia changanya petroli mpya, na mivuto ya kwanza itatoa moshi mzito wa ile oili uliyoiweka.